Uzoefu wangu: Miezi minane ya kutibu fizi kabla ya kupandikizwa jino moja

Nimefundisha skuli za sekondari Pemba kwa miaka 27, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona daktari wa meno ila siku ya kung'oa. Gego langu la chini, upande wa kulia, lilianza kulegea nilipokuwa na miaka 49. Halikutoboka wala halikuniuma. Lilikuwa likicheza tu nilipolisukuma kwa ulimi, na fizi zilitoka damu kila nilipopiga mswaki. Liling'olewa Wete, nami kesho yake nikarudi darasani. Miaka mitatu baadaye nilivuka kwenda Unguja kutafuta jino la kupandikizwa, na haya ninayoyaandika ni maoni yangu juu ya huduma niliyoipata, kwa ajili ya wenzangu wanaoifikiria safari hiyo hiyo.

Kliniki ya kwanza niliyoingia sitaitaja. Nilikaa kitini kwa muda usiozidi robo saa, nikapigwa picha moja, nikaambiwa kuwa mfupa unatosha na kwamba nikilipa nusu ya fedha, skrubu inayoingizwa mfupani kulibeba jino jipya ingewekwa Jumatano. Hakuna aliyenipima fizi, hakuna aliyeniuliza kama nina kisukari, wala hakuna aliyetaka kujua jino la mwanzo lilitoka kwa sababu gani. Hilo la mwisho ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu maradhi yaliyolilegeza jino langu mwenyewe bado yalikuwemo kinywani, na sikuona kitakachoyazuia yasilifikie na hilo jipya.

Kliniki ya pili, nayo ya binafsi, nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Daktari ni kijana wa kike anayelingana na mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, akaniita Maalim, kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukipitisha taratibu kati ya ufizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, huku msaidizi wake akiandika namba. Namba zile zilinifundisha kuliko maelezo yoyote. Penye ufizi mzima kijiti huzama milimita 1 hadi 3. Kuanzia 4, hasa kama panatoka damu, huwa pana mfuko ambamo ukoga hukaa na vijidudu vyake mahali ambapo brashi haifiki, na mfupa unaolishika jino huliwa kidogo kidogo bila ya maumivu. Magego yangu ya nyuma yalikuwa na mifuko ya 6 na 7. "Maalim," aliniambia, "skrubu siweki leo wala mwezi huu. Fizi zikikubali matibabu nitakuwekea, zisipokubali sitakuwekea." Nilitoka nimeudhika, maana nauli ya boti nilikuwa nimeshalipa na fedha za jino ninazo mkononi. Hata hivyo nilirudi.

Kabla ya kurudi nilisoma nilichoweza kukipata, kwa kuwa nafundisha bayolojia na sipendi kukubali jambo la mwili wangu kwa kuambiwa tu. Mwaka 1965 mtafiti wa Norway, Harald Löe, pamoja na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Denmark, ambamo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu hivi wote walivimba fizi, na waliporudia kusafisha, uvimbe ukaondoka baada ya siku chache. Utafiti wa pili wa Löe ulinigusa zaidi. Kuanzia mwaka 1970 yeye na wenzake walifuatilia wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai Sri Lanka, watu ambao hawakuwa wakipiga mswaki wala hawakuwa na matibabu ya meno, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba karibu asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 maradhi yao hayakuvuka uvimbe wa fizi. Dada yangu tumelelewa nyumba moja, tumekula chungu kimoja, naye meno yake yote yamo. Kwa miaka mingi nilidhani mimi ndiye mchafu, na kusoma namba hizo kuliniondolea fedheha niliyokuwa nayo hata mbele ya mume wangu.

Matibabu yenyewe yalianza Mfunguo Tano. Kinywa kiligawiwa robo nne, na kila robo ilipigwa sindano ya ganzi kisha ikasafishwa chini ya ufizi kwa mashine na kwa vyuma vya mkono, hadi mizizi ikawa laini. Maumivu ya baadaye yalikuwa ya kustahamilika, lakini sikuandaliwa kwa jambo moja: uvimbe ulipoondoka fizi zilirudi nyuma, nafasi zikaonekana baina ya meno, na maji baridi yakawa yananichoma kwa wiki kadhaa. Mgonjwa angepaswa kuambiwa hili mapema, kwa sababu asiyelijua atadhani ameharibiwa. Nilipewa vibrashi vidogo vya kupitisha baina ya meno, na kazi hiyo ya dakika tano kila usiku ndiyo iliyozishusha namba zangu zaidi ya kitu kingine. Katika Ramadhani sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i tumezoea kuuacha mswaki baada ya adhuhuri, kwa hivyo nilifanya usafi wangu baada ya futari na tena baada ya daku, na haukupungua.

Daktari pia alinipeleka kupima sukari, kile kipimo kinachoonyesha hali ya miezi mitatu, nikakutwa na asilimia 7.9 bila ya kujua kuwa ninaumwa kisukari. Kisukari huchochea maradhi ya fizi, na fizi zilizovimba nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kutibu fizi hukishusha kipimo hicho kwa wastani wa karibu 0.4, kwa mfano kutoka 7.9 hadi 7.5. Changu kilifika 7.1, lakini nilikuwa nimeanza dawa na kupunguza wali, basi siwezi kuzipa fizi sifa yote. Kama huduma ile ingeishia hapo, bila ya jino lolote, bado ningeihesabu kuwa na thamani.

Jambo la kulika kwa meno sikulitarajia kabisa. Nilikuja na pengo moja, nikaonyeshwa kwa kioo kwamba meno yaliyobaki yamepungua kwa namna tatu tofauti. Karibu na fizi mlikuwa na vikato vilivyochimbwa na brashi ngumu pamoja na mkaa uliosagwa na chumvi, tuliofundishwa utotoni kuwa ndio unaong'arisha. Juu ya magego mlikuwa bapa kwa sababu ya kusaga meno usingizini, jambo ambalo mume wangu amelilalamikia miaka na miaka. Na meno ya mbele yalikuwa yamelainika na kung'aa kwa asidi, ambayo huanza kuyeyusha tabaka gumu la nje la jino mara tu hali ya kinywani inaposhuka chini ya 5.5 hivi kwa kipimo cha asidi kiitwacho pH. Ndimu iko chini sana ya hapo, nami nimekuwa nikila embe mbichi kwa ndimu na pilipili tangu nikiwa mwanafunzi. Sikukatazwa embe wala ukwaju. Nilishauriwa nivile pamoja na chakula badala ya kutafuna kutwa nzima, nisukutue maji baadaye, na nisikimbilie brashi wakati jino bado limelainika. Kwa kusaga nilitengenezewa kikinga cha kuvaa usiku, kwa sababu nguvu ile ile inayokula jino huweza kulegeza au kuvunja jino la kupandikizwa.

Kupandikizwa kwenyewe kulifanyika Mfunguo Mosi, ili nisilazimike kunywa dawa nikiwa nimefunga. Kwa kuwa mfupa hupungua karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja baada ya jino kung'olewa, na langu lilikuwa na zaidi ya miaka mitatu, ilibidi kwanza ipigwe picha ya pande tatu, na mfupa ukaongezewa kidogo siku hiyo hiyo. Skrubu ni ya titani, madini ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua, alipokuwa akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mifupa ya sungura katika miaka ya 1950, kwamba hushikana na mfupa hata haing'oki; mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Nilisubiri miezi minne ndipo jino lenyewe likafungwa juu ya skrubu.

Ninatafuna vizuri kwa upande ule, ingawa hisia si ile ya jino la kuzaliwa nalo. Jino la asili limeshikwa kwenye mfupa kwa nyuzi nyembamba zinazokufahamisha unapouma kokoto kwenye wali, na skrubu haina nyuzi hizo. Daktari alinieleza wazi pia kwamba aliyewahi kuugua fizi kama mimi yuko karibu zaidi na hatari ya mfupa kuliwa kuzunguka skrubu, hata kama vipandikizi vingi, zaidi ya 90 katika kila 100, huwa bado vimo kinywani baada ya miaka 10.

Malalamiko ninayo. Gharama niliambiwa vipande vipande, mara picha, mara mfupa, mara kikinga, hadi jumla ikapita milioni 3 wakati nilijipangia 2. Rangi ya jino jipya ni nyeupe kuliko majirani zake. Kadi yenye jina la kiwanda na namba ya skrubu sikupewa mpaka nilipoiomba, na bila ya kadi hiyo daktari mwingine, wa Chake Chake au wa Dar es Salaam, hatajua atumie vifaa gani ikihitaji kufunguliwa. Anayetoka Pemba ahesabu pia boti: mimi nimevuka mara kumi na moja, mbili kati ya hizo bahari ya kusi ikiwa mbaya hata nikafika nimechelewa na kupangiwa siku nyingine.

Narudi kila baada ya miezi mitatu kupimwa. Safari iliyopita kuzunguka skrubu palisoma 3 bila ya damu, na meno mengi yalikuwa 3 na 4. Gego la mwisho la juu kushoto bado lina mfuko wa 6 unaotoa damu, na daktari amesema likibaki hivyo mwezi ujao ataufungua ufizi ili auone mzizi kwa macho.