Usukani wa Logitech G29 kwenye banda la gemu Tabora: mikono inafunzwa, mguu nusunusu

Banda la gemu hapa Tabora, liwe Isevya au Ng'ambo, huishi kwa mpira wa miguu na pedi mbili. Siku mwenye banda akileta usukani, foleni hujaa watu wanaotaka kukanyaga mafuta tu, na haipiti wiki malalamiko yanaanza: usukani mbovu, gari halikati kona. Mara nyingi usukani hauna kosa. Kosa liko kwenye breki na jinsi pedali zilivyofungwa.

G29, usukani wa gemu za magari, ilitoka mwaka 2015. Inafanya kazi na PlayStation (PS3, PS4, PS5) na kompyuta. Usukani umevishwa ngozi, unazunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho hadi mwisho, na ndani yake mna mota mbili zinazoileta mkononi kazi ya matairi ya mbele. Chini kuna pedali tatu za chuma. Gia ya mkono huuzwa peke yake. Swali la kuupimia ni moja: anayejifunzia hapa ataujua upigaji breki na ukataji kona wa dereva wa mbio, au atajua kuzungusha tu?

Kwanza fundi seremala, ndipo gemu. Meza nyepesi haifai, maana mota zikivuta, meza nzima inatikisika. Benchi la mninga lililopigwa misumari vizuri linatosha, na vibanio vya usukani vinashika mbao yake bila kuteleza. Kwenye pedali ndiko wengi wanakoharibu. Sakafu ya saruji ina vumbi, kiti ni cha plastiki. Ukikanyaga breki kwa nguvu, pedali zinakwenda mbele na kiti kinarudi nyuma, nguvu yote imeishia hewani. Pigilia ubao mbele ya pedali ziuegemee, kisha sogeza kiti hadi mgongo wake ukutane na ukuta, au kifunge kwa kamba kwenye miguu ya benchi. Na kandambili hapana: kwenye pedali ya chuma zinateleza. Soksi, au raba yenye soli nyembamba.

Sasa breki yenyewe. Dereva wa mbio haangalii pedali imeshuka kiasi gani, anasikiliza nguvu anayosukumia. Kwenye gari la Formula 1 mguu husukuma kwa zaidi ya kilo 100 huku pedali ikisogea kidogo tu. Sensa ya G29 haisomi nguvu, inasoma mwendo wa pedali. Ili kuziba pengo hilo, waliotengeneza wameweka kipande cha mpira ndani ya springi ya breki: mwanzoni inashuka kirahisi, halafu mguu unakutana na mpira na pedali inakuwa ngumu ghafla. Wazo ni zuri, kwa sababu mguu unapata mahali pa kukumbuka. Ila mchezaji mgeni akifika kwenye mpira anadhani amemaliza, kumbe kwenye skrini breki iko asilimia 70 tu. Gari linaingia kona na mwendo uliozidi, linatoka nje, lawama zinaangukia usukani.

Dawa yake haina gharama. Fungua ukurasa wa mipangilio wenye mstari wa breki, kanyaga kwa nguvu unayoweza kuishikilia sekunde tatu bila mguu kutetemeka, usome namba. Ikiwa 75, ongeza usikivu wa breki hadi kanyago hilo hilo lilete 100. Wapo wanaofungua pedali na kuutoa mpira kabisa. Ni kweli inakuwa laini, lakini laini hiyo ndiyo inayoua somo, kwa kuwa mguu haujui tena nusu iko wapi. Uacheni mpira wenu ndani.

Baada ya hapo zima ABS (msaada unaozuia matairi kufunga, yaani kuacha kuzunguka, ukikanyaga breki) ndani ya gemu, chukua gari la kawaida (si la Formula), na njia yenye vibao vya mita 150, 100 na 50 kabla ya kona. Kazi ya kwanza ni kusimama ukiwa umenyooka. Kanyaga haraka na kwa nguvu kwenye kibao cha 100, usipapase. Matairi yakianza kulia na gari kukataa usukani, yamefunga. Legeza kidogo sana, usiachie. Kwa lami kavu, tairi linasimamisha vizuri zaidi likiwa linazunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, sio likiwa limekwama. Rudia hadi uweze kushika pale pale, pembeni kidogo ya kufunga, mara tano mfululizo.

Kazi ya pili ndiyo inayotenganisha wachezaji: kuachia breki huku unaingia kona. Tairi lina mshiko mmoja tu, linagawana kati ya kusimamisha na kugeuza. Kadiri mikono inavyoongeza usukani, mguu upunguze breki. Kwa mfano, usukani unapoanza kugeuka breki iwe 60, usukani ukifika robo ya mzunguko iwe 30, na gari likigusa ukingo wa ndani wa kona mguu uwe umeondoka kabisa. Ukiachia ghafla, uzito uliokuwa umelalia matairi ya mbele unarudi nyuma, pua inanyanyuka, na gari linanyooka kuelekea majani. Ukichelewa kuachia, nyuma imebaki nyepesi na mkia utakuzunguka. Hapa G29 inajikongoja. Eneo la mpira ni fupi mno, hivyo kutoka 60 hadi 30 ni unywele wa mwendo wa kifundo cha mguu. Inawezekana, ila kwa mazoezi mengi kuliko pedali zenye sensa ya uzito, ambazo bei yake ni nyingine kabisa.

Mikononi, usukani huu unajitetea vizuri. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko, unauhisi umekuwa mwepesi kabla macho hayajaona gari likikataa, na hiyo ndiyo habari dereva anayoihitaji: punguza kona kidogo, subiri, usiongeze kuzungusha. Mkia ukichomoka, usukani wenyewe unaanza kukimbilia upande wa kuuokoa. Ulegeze mkononi uuache ufanye. Kasoro ni meno. Mota zinazungusha kwa gia, si kwa mkanda, kwa hiyo ukipanda kingo za njia kuna kelele ya kugongagonga ambayo jirani anayecheza mpira ataichukia.

Kupunguza gia huku kisigino kikigonga mafuta na vidole viko kwenye breki hakufai sana hapa. Breki ngumu inabaki juu, pedali ya mafuta iko chini, na kwa vitufe vya gia vya nyuma ya usukani huna hata haja ya klachi. Tumia mguu wa kushoto kwenye breki, kama wafanyavyo madereva wengi wa magari ya mbio ya siku hizi.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, usukani hujizungusha wenyewe hadi pande zote mbili kutafuta katikati. Toa mikono, na mwonye mtoto aliyekaa hapo. Ukiushikilia, katikati inakosewa na gari litavuta upande mmoja mchana kutwa. Chomoa, chomeka tena. Vumbi la kiangazi nalo huingia kwenye sensa za pedali. Funika kwa kitambaa banda likifungwa.

Kwa anayenunua wa mkononi: weka swichi kwenye PS4, washa mbele ya muuzaji, uangalie kama unajizungusha bila kukwama. Kisha fungua mstari wa breki na usiguse pedali yoyote. Mstari ukirukaruka wenyewe, sensa ni chafu au imelika. Spirei ya kusafishia umeme huponya ile chafu. Iliyolika utaijua kwa sababu mruko unarudi baada ya siku chache, palepale kwenye asilimia ileile ambapo kila mtu hukanyagia.