Kompyuta ya gemu kwa elfu 40 Nairobi: anza na kasha kabla ya kadi

"Mjomba, kadi haiingii."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mpwa wangu kwenye simu, Jumamosi moja jioni, akiwa kwenye ngazi za jengo moja Luthuli Avenue. Alikuwa ameweka akiba miezi minane kutokana na kazi ya kupeleka mizigo kwa pikipiki. Asubuhi alinunua kadi ya grafiki iliyotumika (ile inayochora picha za gemu), GTX 1650 yenye feni mbili, kwa sababu marafiki zake wote walimwambia kadi ndiyo kila kitu. Mchana akanunua kompyuta ya ofisi ya kuitia kadi hiyo: moja ya zile nyembamba zinazolala, maana bei yake ilikuwa chini kidogo kuliko ile inayosimama. Alipoifungua, kadi ilizidi kimo cha kasha kwa upana wa vidole viwili. Aliyemuuzia kompyuta akakataa kubadilisha. Aliyemuuzia kadi alikuwa amekwisha kufunga.

Tangu siku ile nimesaidia vijana kadhaa mtaani kwetu kununua, na kila mara naanzia mahali pamoja: kasha na pawasaplai iliyomo, yaani kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Kasha ndilo linaloamua kadi gani itaingia, na pawasaplai ndiyo inayoamua kadi gani itawaka. Ukianza na kadi umejifunga mwenyewe kabla ya kufika kwenye kibanda cha pili.

Elfu 40 ninazozungumzia ni za kompyuta yenyewe. Skrini, kibodi na kipanya viko kando, kwani wengi huanzia kwenye TV ya nyumbani kwa waya wa HDMI.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya ofisi iliyotumika, ile ya kusimama, ikiongezewa kadi isiyohitaji waya wa umeme. Ni zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, na Lenovo ThinkCentre, ambazo wauzaji wa Moi Avenue na Luthuli huziita "ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza. Nyingi zilikaa chini ya meza ya ofisi zikifungua barua pepe na hesabu, halafu zikabadilishwa zikiwa bado nzima. Ninazipenda kwa sababu moja kubwa: pawasaplai zake husema ukweli. OptiPlex 9020 ya kusimama ina wati 290, na hizo wati 290 zipo kweli.

Ngoja nieleze hapo polepole, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Siku moja nilishika pawasaplai ya bei rahisi iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kasha jipya. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 500W kwa herufi kubwa nyekundu. Ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu la viatu. Nikaigeuza nikasoma jedwali dogo la namba: kwenye mstari wa +12V palikuwa na ampea 15. Zidisha 15 kwa 12 upate 180. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi hula karibu umeme wao wote kutoka kwenye mstari huo wa volti 12, kwa hiyo ile ilikuwa pawasaplai ya wati 180 iliyovaa nguo ya 500. Fanya hesabu hiyo kila mara, mbele ya muuzaji. Haikuchukui nusu dakika.

Turudi kwenye kompyuta ya ofisi. Slot ya PCIe, lile tundu la kuchomekea kadi kwenye ubao mama, hutoa mpaka wati 75, basi unatafuta kadi isiyovuka hapo: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti, au GTX 1650. Kati ya hizo tatu chukua 1650 ukiweza. Ina kumbukumbu ya GB 4, na kwa skrini ya 1080p inaichezesha GTA V vizuri kwa picha 60 kwa sekunde, na Valorant kwa zaidi ya hapo. Ila si 1650 zote zilizo sawa. Nyingine zina tundu la pini sita ukingoni kwa ajili ya waya wa umeme, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo. Angalia ukingo wa kadi kabla ya kutoa hela.

Sasa kizazi cha prosesa. Namba yenyewe inakuambia: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Kizazi cha 3 kurudi nyuma kiache hata kama bei ni ya kutupa, kwa kuwa hakina maagizo ya AVX2 ambayo baadhi ya gemu mpya huyahitaji ili ziwake. Kizazi cha 4 na cha 6 bado vinafanya kazi, vina koa nne (viini vya kufanyia kazi) kwenye i5. Lakini ninachokitafuta mimi siku hizi ni cha 8. Kwanza, i5-8500 ina koa sita. Pili, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8 cha Intel pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta. Kama gemu yako ni Valorant jambo hili halina mjadala: ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), bila hivyo haifunguki. Anayecheza GTA V peke yake, bila mtandao, anaweza kutulia na kizazi cha 4 na abaki na hela ya SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Na SSD inunuliwe. Kompyuta hizi mara nyingi huja na diski ya zamani ya kuzunguka, na hapo ndipo kijana anaposema mashine ni nzito wakati prosesa haina kosa. Anza na GB 240 ya kuweka Windows na gemu moja unayoipenda zaidi, ile diski ya zamani ibaki ya filamu na mengineyo.

Udhaifu wa chaguo hili ni mmoja, nao ni wa kweli. Dell na HP nyingi za aina hii hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye ubao mama. Huwezi kutoka siku ya pili ukanunua pawasaplai kubwa yoyote ukaichomeka. Utahitaji waya wa kubadilishia, na kwenye baadhi ya makasha hata matundu ya skrubu hayalingani. Ichukue kama mashine ya kadi ya wati 75 na uiache hapo.

Nafasi ya pili ni kujenga upya kwa Ryzen 5 5600G. Ukinunua kila kitu kipya utavuka elfu 40, ndiyo maana haikushika namba moja. Lakini kwa mtu anayepata hela kidogo kidogo, hii ndiyo njia ninayoiheshimu. Prosesa hiyo ya AMD ya mwaka 2021 ina koa sita na grafiki ndani yake, kwa hiyo unaanza bila kadi kabisa. Valorant, Counter-Strike 2 na GTA V zinachezeka ukishusha mipangilio. Mwaka ujao ukipata hela, unaongeza kadi, na kwa kuwa uliweka pawasaplai nzuri tangu mwanzo, hakuna kinachobomolewa.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hapa ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Grafiki ya 5600G haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Ukiweka kijiti kimoja cha GB 16 umeipa njia moja. Ukiweka viwili vya GB 8 umeipa njia mbili, na tofauti utaiona kwa macho kwenye gemu. Vibandani watakupa kimoja kwa sababu ndicho kilicho karibu. Sisitiza viwili. Bei ya RAM imepanda sana duniani tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili unde, kwa hiyo usishangae kijiti kikikugusa mfuko kuliko ulivyozoea. Na herufi ile ya G usiiache: Ryzen 5 5500 haina grafiki ndani, wala Intel yoyote yenye F mwishoni, kama i3-12100F. Ukiinunua bila kadi utawasha, feni zizunguke, skrini ibaki nyeusi.

Nafasi ya tatu ni kompyuta nzima ya gemu kutoka kwa mtu anayeiuza ili apande daraja. Bahati ikiwepo unapata mashine kubwa kuliko zote nilizotaja. Hatari yake ni kwamba hujui imepitia nini. Kadi nyingi za RX 580 zilizopo sokoni zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, na nyingine zimeandikwa 2048SP, ambazo kwa uwezo ni RX 570, kwani RX 580 kamili ina vitengo 2304 vya kuchakata picha. Nenda uione ikicheza nyumbani kwa mwenyewe, mchana, ukiwa na mwenzako.

Ya nne ni ile nyembamba ya kulala. Inafanya kazi, mpwa wangu ni shahidi: aliuza ile kadi ya feni mbili kwa jirani Umoja, akatafuta 1650 ya kimo kifupi, na leo anacheza. Lakini kadi fupi ni adimu na ghali zaidi, na ndani ya kasha lile joto halina pa kwenda. Alichookoa mchana alikilipa mara mbili wiki iliyofuata.

Ya mwisho kabisa ni kompyuta mpya ya kioo na taa za rangi inayouzwa kwa jina la "gaming" kwa bei ya chini. Ifungue. Mara nyingi utakuta prosesa ya zamani, kadi ya GB 2, na ile pawasaplai ya boksi la viatu. Taa hazichezi gemu.

Kuhusu kadi bandia, nimezishika kwa mikono yangu. Chipu ya zamani kama ya GTS 450 huandikiwa upya programu yake ijitaje GTX 1050 Ti. Dalili ya haraka ni tundu la VGA: chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA, kwa hiyo ukiliona, shuku. Dalili ya uhakika ni programu ya GPU-Z, ya bure na ndogo, ambayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za namna hiyo.

Beba flashi yenye GPU-Z, FurMark na CrystalDiskInfo. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Boss, naomba niijaribu robo saa kabla sijalipa," kisha uiwashe FurMark, programu inayoichosha kadi kwa makusudi, na uangalie joto. Likipita nyuzi 85, au picha ikianza kuonyesha vidoa na mistari, shukuru na uondoke. CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Nyuma ya pawasaplai angalia kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230: hapa Kenya lazima ikae 230, na iliyowekwa 115 hulipuka mara tu unapoichomeka.

M-Pesa itumwe baada ya hayo yote, kwa namba ya duka, na risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial number) ya kadi na ya kompyuta, pamoja na siku za kurudisha. Muuzaji akisema dhamana ni ya mdomo, mwombe aiandike. Akikataa, kibanda kinachofuata hakiko mbali.