Crash Bandicoot 4: gemu tamu, lakini haya maboksi jamani!

Wadau, kabla hata sijawasalimia, angalieni hii hesabu kwenye kioo. Nimefika mwisho wa hatua, sijafa hata mara moja, vidole vinauma, na limebaki boksi moja la kupasua. Moja! Kwa hilo moja nimekosa kito, ile zawadi ya kupasua yote, na nimekosa zawadi ya kumaliza bila kufa. Narudi mwanzo kabisa.

Haya, mambo vipi, karibuni. Leo ni Crash Bandicoot 4: It's About Time, gemu la kuruka na kupasua maboksi. Najua ilitoka Oktoba 2020, na kuna watu kwenye komenti wamekuwa wakiniomba nifanye magemu mapya. Yanakuja, msijali. Ila hili nimelicheza hadi mwisho mara mbili, halafu nikakaa nikasoma tathmini za wakati ule, na kuna jambo moja naona wachambuzi wengi walilipita mbiombio. Sitalala vizuri nisipolisema.

Hadithi naipita, mnaijua: wale wabaya Cortex na N. Tropy wametoroka, vinyago vinne vyenye nguvu za ajabu vinatafutwa, Crash na dadake Coco wanaingia kazini. Mlioanza na Crash wa PlayStation ya kwanza, tukigombania pedi kibandani na mwenye kibanda akiangalia saa, jueni hii ni namba nne kwelikweli. Toys for Bob, waliolitengeneza hili, wameanzia pale Naughty Dog, watengenezaji wa mwanzo, walipoiacha Warped, yaani namba tatu, mwaka 1998. Yaliyotoka katikati wameyaruka yote.

Na wameipatia. Niseme hivyo mapema, maana nikianza kulalamika mtadhani nalichukia. Ona anavyotembea. Ona anavyojizungusha kama pia, ukiachia kitufe anatulia palepale. Sasa naruka, angalia chini yake: kuna duara la njano. Linakuonyesha utatua wapi. Zamani ulikuwa unaruka, unaona kabisa nipo juu ya boksi, kumbe upo mbele yake kidogo, huyo shimoni. Hili duara limemaliza ugomvi wa miaka mingi. Usipolitaka unalizima kwenye mipangilio.

Kinyago ninachokipenda ni Kupuna-Wa, kile cha kupunguza mwendo wa muda. Yale maboksi ya kijani ya Nitro, ukiyagusa tu umekwisha, si ndiyo? Sasa hapa nabonyeza, dunia nzima inakwenda taratibu, nakanyaga Nitro, naruka, nakanyaga la pili, na mlipuko unakuja nyuma yangu mimi nimeshaondoka. Nirudie. Hapo! Kila nikifanya hivi nafurahi upya.

Ndiyo maana wachambuzi waliisifu. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wachambuzi, toleo la PS4 lina wastani wa 85 kati ya 100, na kwa gemu la mhusika aliyekuwa amepoa miaka mingi hiyo ni heshima kubwa. Walisifu rangi, walisifu ubunifu wa hatua, walisifu ugumu wake. Waliolaumu, wengi waliligusa suala la zile hatua za wahusika wengine. Unacheza na Tawna au Dingodile nusu ya kwanza, vizuri, mambo mapya, halafu nusu ya pili unarudishwa kwa Crash kwenye kipande ulichokwisha kukipita, wamebadilisha maboksi tu. Lawama hiyo ni ya haki, mimi pia ilinichosha.

Lakini maboksi yenyewe hawakuyakalia. Na naelewa kwa nini: mchambuzi ana siku chache, anacheza hadi mwisho wa hadithi, anaandika. Ukicheza hivyo, maboksi hayakusumbui kabisa. Matatizo yanamsubiri yule aliyelipenda gemu hadi akataka kulimaliza lote.

Njooni niwaonyeshe. Narudi pale nilipolikosa. Mnaona huu mti hapa mbele, karibu na kamera? Crash yuko nyuma yake. Mimi naona majani, nyinyi mnaona majani. Sasa nasogea kushoto, hakuna alama, hakuna tunda la kunielekeza, hakuna chochote. Naruka tu, kwa kubahatisha. Mmesikia? Hiyo ni sauti ya boksi kupasuka! Limepasuka nyuma ya majani, sijaliona hata sasa. Boksi nimelipasua kwa masikio.

Mengine yako juu, nje ya kioo, unaruka kwenye anga tupu. Mengine, ukishatua mahali inabidi ugeuke urudi kuelekea kamera, bila kuona unakokwenda, chini kuna shimo. Kwenye Crash ya pili na ya tatu siri zilikuwepo, ila hatua zilikuwa fupi. Ukikosa unarudia chap. Hapa hatua za mwishoni zinapita maboksi 200. Sasa chukua ile N. Sanely Perfect Relic: maboksi yote, bila kufa, kwa pumzi moja. Halafu kuna N. Verted, hatua zilezile zimegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia na kupakwa rangi nyingine, na huko vito sita vingine vinakusubiri. Hatua moja, vito 12.

Ugumu wa kuruka naukubali. Nikifa kwa sababu nimechelewa kubonyeza, kosa langu, narudia kwa moyo safi. Kufichiwa kitu nyuma ya kamera hakupimi mkono wangu hata kidogo. Hapo unapimwa kama umefungua simu ukatazama video ya mtu mwingine aliyekwisha kuhangaika.

Gemu la Astro Bot la 2024 lililitatua hili. Ukirudia hatua, unalipa sarafu 200 zile unazookota humohumo, unapewa kindege kinachokuonyesha upande kilipo kile usichokipata. Kazi ya kukifikia bado ni yako. Team Asobi, waliolitengeneza, walifikiria mtu anayerudi. Uchambuzi wa Astro Bot unakuja wiki ijayo, na kuanzia mwezi huu video zinatoka Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo washa kengele.

Bei. Siku ya kutoka lilikuwa dola 60, na kwa bei hiyo nisingekwambia ununue. Mimi nilichukua diski mtumba. Mwenye PS Plus, ile huduma ya kulipia ya PlayStation, aliyelichukua Julai 2022 lilipotolewa humo, kalitafute kwenye maktaba yako, pengine umelisahau. Ukiwa na la PS4 ukapata PS5, toleo la PS5 unapewa bure, na linateleza kwa fremu 60 kwa sekunde. La Switch ya Nintendo ni fremu 30. Kwa gemu la kuruka kwa kipimo namna hii, mimi nisingelichukua la Switch kama nina njia nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza alama, ningekaa palepale kwenye 85 kama unataka hadithi na raha yake. Kwa anayetaka asilimia zote 106, ndiyo, hesabu ya gemu hili inapita 100, mimi nashuka hadi 70, na nashuka huku naumia, kwa sababu mikono iliyotengeneza huu mruko ni ya mafundi.

Haya, lile boksi nyuma ya majani sasa nalijua liliko. Naanza hatua toka mwanzo, sijakata video, kaeni nami. Niandikieni kwenye komenti lililowasumbua nyinyi lilikuwa hatua gani. Twende.