Siku tatu kwenye Skyline Drive kwa gari-nyumba: uzoefu wangu

Ukikodi gari-nyumba kwa safari ya Skyline Drive, barabara ya milimani huko Virginia, Marekani, chukua futi upime kimo chake mwenyewe kabla hujaondoka. Karatasi niliyopewa ilisema mita 3.2, nami nikaamini. Jioni ya kuamkia safari, mke wangu akauliza kama waliopima walihesabu na kiyoyozi kilicho juu ya paa. Tukapanda ngazi ya nyuma na futi mkononi. Mita 3.5. Nilikasirika, na mpaka leo sijalipuuza jambo hilo, kwa sababu kwenye maili ya 32, ukihesabu kutoka mwisho wa kaskazini wa barabara, kuna handaki la Marys Rock, na gari linaloruhusiwa kupita humo lisizidi mita 3.86. Sisi tulikuwa na nafasi. Mwingine akipewa gari kubwa zaidi na karatasi ya namna ile, atagundua kosa paa likiwa limeshagonga mwamba. Gari refu kuliko hapo litoke Thornton Gap, njia ya kutokea iliyo kabla tu ya handaki, lizunguke kwa barabara za chini.

Barabara yenyewe inapita juu ya mgongo wa milima ya Blue Ridge, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, Virginia, kwa maili 105, kama kilomita 169. Tuliingilia mji wa Front Royal, upande wa kaskazini, mwishoni mwa Aprili. Nashauri mwenye gari kubwa aingilie huko huko. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo ukielekea kusini maegesho ya kutazama Bonde la Shenandoah yote yako mkono wako wa kulia; unaingia na kutoka bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Na asubuhi jua linakuwa mgongoni, bonde lote liko wazi. Pale Hogback tulikaa karibu saa nzima tukiutazama mto Shenandoah unavyojikunja, unakwenda na kurudi, na ng'ambo yake mlima Massanutten umelala katikati ya bonde.

Kilichonifanya nipende safari hii kuliko zote nilizofanya ni jinsi majira yanavyopanda mlima. Mwezi huo Front Royal ilikuwa kijani kibichi. Pembeni mwa barabara ilisimama miti ya redbud, ambayo maua yake ya waridi hutoka kwenye matawi yakiwa bado makavu, hata kwenye shina, kabla jani halijachipua. Tukapanda. Kijani kikawa njano hafifu, kisha vichipukizi vyekundu vidogo vidogo, na tulipofika Skyland, mahali barabara inapofikia kimo cha zaidi ya mita 1,100, miti ilikuwa mitupu kama vile majira ya baridi hayajaondoka. Asubuhi moja tu, tukawa tumerudi nyuma wiki kadhaa. Wapo wanaosema wasubiri Juni, milima ijae majani. Mimi nawaambia hapana: miti ikiwa mitupu unaona mpaka ndani ya msitu, unaona miamba na vijito, na kulungu huwezi kumkosa.

Mwendo unaoruhusiwa ni maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56. Kwa gari la mita saba na nusu lenye vyombo kabatini, hata huo ni mwingi kwenye baadhi ya kona. Kila palipokuwa na nafasi niliegesha nikapitisha waliokuwa nyuma yangu. Handakini, mwamba uliochongwa mwaka 1932, niliwasha taa nikaenda polepole mno. Mke wangu alishusha kioo akawa anaangalia upande wake, akinihesabia nafasi iliyobaki mpaka tukatokea kwenye mwanga.

Tulilala usiku wa aina mbili. Wa kwanza, kambi ya Mathews Arm, ulikuwa mzuri. Wa pili, kambi ya Big Meadows, ulitufunza. Kambi za hifadhi hii hazina umeme wa kuchomeka, na jenereta ina saa zake za kuwashwa. Huko juu baridi ilikuwa ya kuganda. Hita hutumia gesi, sawa, lakini feni yake hula betri, na ilipofika saa kumi alfajiri feni ikanyamaza. Tulijifunika kila nguo tuliyokuwa nayo. Betri ya gari lile ilikuwa imechoka, na aliyetukodisha alipaswa kuijua hali yake. Muulize ina umri gani, na mwambie akuwashie hita mbele yako kwa nusu saa. Maji safi jaza kabla ya kupanda. Tangi la maji machafu unaweza kulimwaga Big Meadows.

Asubuhi ile, hata hivyo, ukungu ulikuwa umejaa bondeni tu, sisi tuko juu yake, na uwanda mpana wa nyasi ukimeta kwa umande ulioganda. Ni kwenye uwanda huo Rais Franklin Roosevelt alipoizindua hifadhi mwaka 1936. Nikachemsha chai, tukainywa nje tumesimama, tunatetemeka, wala hakuna aliyetaka kurudi ndani.

Tulishukia Swift Run Gap, maili ya 65, bila kufika mwisho wa barabara. Mteremko wa kutoka pale ni mrefu. Tumia gia nzito tangu juu kabisa. Ukingoja mpaka breki zinuke umechelewa. Mimi niliweka gia ya pili, injini ikanguruma yenyewe, mguu ukagusa breki mara chache tu. Tulipofungua madirisha chini kulikuwa na joto, na redbud zilikuwa zimeanza kumwaga maua barabarani.

Barabara na hifadhi naipa nyota tano. Gari, nyota tatu. Mwakani tutakodi fupi zaidi, tuende wiki ya pili ya Mei, tumalize maili 40 zilizobaki.