DT830B: multimita ndogo ya njano inafaa wapi, na wapi uiache mfukoni

DT830B, kipimo cha volti, ampea na ohmu, haina mwenyewe. Viwanda vingi huiunda, kila kimoja kikibandika jina lake, lakini ukifungua kasha utakuta karibu kitu kilekile: chipu ya jamii ya ICL7106 iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi, swichi ya kuzungusha, betri ya volti 9 na fyuzi moja ndogo ya kioo. Namba kubwa inayoweza kuonyesha ni 1999. Kipimo kikizidi skeli uliyochagua, inabaki tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto. Mita haijaharibika, panda skeli inayofuata.

Volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) ndizo kazi yake halisi. Kosa linalotajwa ni asilimia 0.5 pamoja na tarakimu mbili tatu za mwisho, na kwa betri ya gari, chaja ya simu au bodi ya redio hiyo inatosha kabisa. Ila ukinzani wake wa ndani ni megaohmu 1 tu, wakati mita za daraja la juu huwa na 10, na hapo ndipo wengi hupotea. Chukua rezista mbili za megaohmu 1, ziunge mfululizo kwenye volti 9, upime katikati. Pana volti 4.5, lakini DT830B itakuambia 3.0, kwa sababu yenyewe imegeuka rezista ya tatu, sambamba na ile unayoipima. Mita ya megaohmu 10 ingesema karibu 4.29. Kwa hiyo kwenye saketi zenye rezista kubwa usiiamini; kwenye rezista za kiloohmu chache hutaona tofauti ya maana.

AC (umeme geu, kama wa ukutani) ni suala jingine. Skeli ni mbili tu, 200 na ile ya juu (750 au 600 kutegemea toleo), na ndani kuna dayodi inayopitisha nusu ya wimbi, kisha namba inakuzwa ili ilingane na wimbi safi la umeme wa kawaida. Wimbi likiwa limekatwakatwa, kama lile la kipunguza mwanga cha taa au inveta ya bei rahisi, namba inayotoka haifai kuandikwa popote. Kuna na kichekesho: sahau swichi kwenye AC, upime betri ya volti 12, utaona takriban 26. Geuza waya, inasoma sifuri. Betri ni nzima, swichi ndiyo iliyosahauliwa.

Ampea zinahitaji uangalifu kuliko vyote. Matundu ni matatu: COM (la waya nyeusi), VΩmA na 10ADC. Lile la VΩmA hulindwa na fyuzi, nyingi zikiwa za ampea 0.2, nyingine 0.5, soma kilichochapwa kwenye bodi kabla ya kununua ya kubadilishia. Tundu la 10ADC kwa kawaida halina fyuzi kabisa. Ndani yake kuna kipande cha waya nene chenye ukinzani wa takriban ohmu 0.01, basi. Ukiacha waya nyekundu humo kisha ukagusa ncha mbili za betri ya gari ukidhani unapima volti, umepiga shoti: waya zinayeyuka, na betri inaweza kulipuka. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya nyekundu kwenye VΩmA kabla hujaweka mita chini. Na ampea 10 zenyewe zisizidi sekunde 10 hivi, halafu uipumzishe dakika kadhaa. Ampea za AC haipimi.

Ukipima mA (miliampea), kioo kikabaki sifuri na saketi ikakataa kuwaka, shuku fyuzi kwanza. Usiizungushie nyuzi za waya kama wafanyavyo baadhi ya mafundi: safari ijayo zitakazoungua ni rezista za bodi, na hizo hazichomolewi kwenye kishikio kama fyuzi.

Kwa ohmu, zima umeme na toa chaji kwenye kapasita kabla hujagusa chochote. Kwenye skeli ya 200, gusanisha ncha mbili uone waya zenyewe zina kiasi gani. Mara nyingi ni ohmu 0.3 hadi 0.8, nawe utatoa kiasi hicho kwenye jibu. Namba ikipanda na kushuka ukitikisa waya, waya hiyo imekatika ndani, karibu kila mara pale inapoingia kwenye mpini. Waya zinazokuja na mita hii ndicho kiungo chake dhaifu kuliko vyote. Zibadilishe mapema kwa zenye nyuzi nyingi na ngozi ya silikoni. Mlio wa kukagua waya matoleo mengi ya B hayana, kwa hiyo utalazimika kutazama kioo. Inachosha ukiwa umejikunja chini ya dashibodi.

Betri ikichoka, mita hii husema uongo kwa kuzidisha. Ikishuka chini ya volti 7 hivi, volti ya marejeo ndani ya chipu (ile inayolinganisha nayo kila kipimo) nayo inaporomoka, na betri ya 12.6 inaweza kusomeka 14 na ushee. Alama ya betri kwenye kioo si ya kutegemea. Ukiona kila kitu kimepanda, badilisha betri kabla hujagusa kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia kilicho kwenye bodi. Ukikizungusha bila chanzo cha volti unachokiamini, umepoteza usahihi wote.

Namba zikirukaruka unapogusa swichi, fungua skrubu za nyuma, toa swichi taratibu (kuna vijigololi na springi vinavyopenda kuruka), safisha njia za shaba kwa alkoholi ya isopropili na pamba, kisha acha ikauke. Vipande vya namba vikipotea kwenye kioo, safisha vivyo hivyo ule ukanda wa mpira ulio kati ya kioo na bodi. Tundu linalocheza linataka kulehemiwa upya.

Kwenye ubao mkuu wa umeme wa jengo, usiipeleke, hata kama kasha limechapwa CAT (daraja la usalama wa mita). Fyuzi ya kioo haiwezi kuzima cheche ya shoti kubwa, na nafasi kati ya njia za bodi ni finyu mno. Huko tafuta mita ya CAT III 600 V kwenda juu, yenye fyuzi za kauri katika matundu yote ya ampea, na waya zenye daraja hilohilo.