Mkonga wa bei nafuu kwenye Land Cruiser ya zamani: tathmini kutoka Masasi

Wenye Land Cruiser za zamani huku Mtwara na Lindi hufunga mkonga, yaani bomba linalopandisha mdomo wa kuvutia hewa ya injini hadi usawa wa paa, kwa kuhofia maji, na hofu hiyo iliongezeka Mei 2024, pale mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga. Hata hivyo, gari linaloshinda kati ya Masasi, Nachingwea na Liwale hukutana na maji katika miezi ya mvua tu, ilhali vumbi hulivuta sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo mkonga wa bei nafuu nilioufunga kwenye pikapu yangu ya mwaka 1998, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, nimeupima kwanza kwa vumbi.

Injini hiyo ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2, haina tabo, na ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta zaidi ya lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Ukiwa nyuma ya Fuso lililosheheni korosho kwenye barabara isiyo na lami, hewa hiyo yote huja na vumbi, na vumbi hilo ni zito zaidi chini, usawa wa magurudumu na madigadi, kuliko usawa wa paa. Mkonga hauliondoi vumbi. Unachofanya ni kupunguza mzigo unaolifikia filta.

Nilichonunua, katika duka moja la spea jijini Dar es Salaam, ni nakala isiyo na chapa iliyoiga umbo la mkonga wa chapa ya Safari ya Australia, ambao huuzwa kwa bei kubwa mara kadhaa. Tofauti inaonekana ukiushika tu mkononi: ukuta wa plastiki haulingani unene, na penye kona ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea. Jua la kiangazi limeuchujua kutoka weusi hadi kijivu, ingawa haujapata ufa. Karatasi ya kuonyesha mahali pa kutoboa ilikuwa imepotoka kwa upana wa kidole, hivyo fundi aliiweka kando, akaushikilia mkonga wenyewe kwenye madigadi na kuchora matundu upya kwa chaki. Kabla ya kuufunga alipaka kingo za matundu rangi ya kuzuia kutu, jambo ambalo mwenye gari linalolala Mikindani au Kilwa, kwenye hewa ya chumvi, asikubali lirukwe.

Udhaifu mkubwa uko kwenye viungo, na hapo ndipo unafuu wa bei unapoweza kugeuka hasara. Klipu zilizokuja na mkonga zilikuwa laini na zilianza kushika kutu mapema. Mpira unaounganisha mkonga na boksi la filta ulikuwa mwembamba. Na kichwa kilichomekwa juu bila chochote cha kuziba. Niliweka klipu za chuma kisichoshika kutu, mpira mzito zaidi na silikoni kila penye maungio. Baada ya hapo mkonga hupimwa hivi: injini ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, unaziba mdomo wa juu kwa kipande cha mpira mgumu, na injini inatakiwa ikose pumzi na kuelekea kuzima. Ikiendelea kuunguruma kama kawaida, kuna mahali inavuta hewa nyingine, na mkonga huo ni pambo tu. Kipimo cha pili ni kupitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya filta, kwa kuwa vumbi likionekana hapo maana yake linakwenda moja kwa moja kwenye silinda na ringi.

Kwa sababu hiyo, mwenye bajeti ndogo aanze na filta orijino ya karatasi na boksi lisilovuja, ndipo afikirie mkonga. Filta feki hutambulika kwa mikunjo isiyolingana na mpira mgumu usiokaa sawasawa kwenye boksi. Filta za pamba zinazopakwa mafuta, ambazo vijana wengi huzitamani kwa ngurumo yake, sizishauri kwa barabara zetu, kwa kuwa hupitisha hewa kwa urahisi lakini pia hupitisha vumbi laini zaidi kuliko karatasi. Na fundi anayepuliza filta ya karatasi kwa upepo mkali kutoka nje kwenda ndani anazidi kulishindilia vumbi.

Bomba la maji la plastiki, ambalo wengine hulitumia badala ya mkonga, hulainika karibu na joto la injini; la chuma cha kawaida linalochomelewa mtaani ni imara, ila likishika kutu kwa ndani magamba yake huishia kwenye boksi la filta. Nguvu ya injini, kwa anayeuliza, haijaongezeka hata kidogo, nami sikuitarajia.

Kuhusu maji, mkonga uliozibwa vizuri huzuia janga moja: maji kuingia kwenye silinda, ambako hayashindiliki kama hewa na hivyo hupinda konrodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni. Hauvilindi vipumulio vya difu na giaboksi, ambavyo navyo vinahitaji kupandishwa kwa mipira yake, wala hauzuii gari kusombwa.

Kwa matumizi yangu nakala hii inatosha, mradi bei ya klipu, mpira na silikoni ijumlishwe tangu mwanzo. Anayesafiri kila mara kati ya Nangurukuru na Liwale atafaidika zaidi akikiondoa kichwa cha kawaida na kuweka kile chenye bakuli linalozungusha hewa na kulitupa vumbi zito pembeni, kama vilivyo kwenye matrekta. Bakuli hilo linapaswa kumwagwa kabla halijafika alama ya kujaa, na kipenyo cha mkonga kipimwe kabla ya kuagiza, kwa maana nakala hizi hazina saizi moja.