Vortex Viper PST Gen II 5-25x50 kwa shabaha za mbali

Mita 1,000 hazishindwi kwa ukuzaji. Zinashindwa kwa nafasi ya kupandisha, yaani kiasi unachoweza kuinua mlengo ili kufidia kushuka kwa risasi. Bomba la milimita 30 la darubini hii ya bunduki lina takribani miliradiani (kipimo cha pembe) 20 kwa jumla, na kwenye reli bapa, kipande cha kuifungia juu ya bunduki, unabaki na nusu tu. Kwa risasi ya .308 hazitoshi. Funga reli yenye mwinamo wa MOA 20 (MOA moja ni sehemu ya 60 ya digrii), utaongeza karibu miliradiani 6.

Kwenye toleo la miliradiani, kila mlio wa nobu ya kupandisha ni miliradiani 0.1: sentimita 10 kwa mita 1,000. Kwenye toleo la FFP (mistari inayokua pamoja na picha), vipimo vya mistari ya kulengea havibadiliki ukikuza au ukipunguza, ila kwenye 5x mistari ni myembamba mno. Sogeza kichwa kidogo. Mistari ikihama juu ya shabaha, rekebisha nobu ya kushoto. Skrubu za pete zinazoshika darubini zisikazwe kupita kiasi, bomba litabanwa. Darubini ni nzito, karibu gramu 885, lakini kwa kulenga umelala si kasoro.